Gari likishika moto, mlango uko wapi?

Ajali haina kinga. Hivyo ndivyo tunavyoambiana matangani, na hivyo ndivyo tunavyojiliwaza tukirudi nyumbani. Leo, mpenzi msomaji, nipe ruhusa niubishie msemo huo kidogo. Kweli ziko ajali zisizo na kinga, lakini vifo vingi vinavyotokana nazo vina kinga. Ajali ni jambo moja na kifo ni jambo jingine, na tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo mada yetu ya Jumapili hii. Tutaitazama kupitia moto unaoteketeza magari, hasa katika ile njia ndefu inayotoka Nairobi, ikapita Thika na Mwingi, ikavuka mto Tana na kuingia Garissa, kisha ikashika safari ya Wajir na Mandera.

Tuanzie mbali ndipo turudi nyumbani. Katika nchi za milima mirefu kama vile Norway, Uswisi na Austria, barabara nyingi hupita ndani ya mahandaki, yaani mlima hutobolewa upande huu hadi upande wa pili na magari yakapita tumboni mwake. Ukiingia humo unaliacha jua nyuma yako. Kwa kilomita kadhaa huoni ila taa, ukuta kushoto na ukuta kulia. Hapana mtu apitaye humo kwa mara ya kwanza asiyejiuliza: je, gari likishika moto humu itakuwaje? Na jambo hilo hutokea mara ngapi?

Jibu lake huenda likakushangaza. Si mara nyingi. Norway ina mahandaki ya barabara zaidi ya 1,000. Watafiti wa nchi hiyo waliihesabu mioto iliyotokea humo kati ya mwaka wa 2008 na 2011, wakapata wastani wa mioto 21 hivi kwa mwaka katika kila mahandaki 1,000. Ukipiga hesabu utaona kwamba handaki moja la kawaida laweza kukaa karibu miaka 50 kabla gari halijawaka ndani yake. Mtoto aweza kuzaliwa, akasoma, akaoa na akaitwa babu, handaki la kijijini kwao lisione moto hata mara moja.

Lakini wastani huficha mengi. Watafiti hao hao waligundua kwamba mahandaki yenye mteremko mkali, ambayo ni manne tu katika kila 100, ndiyo yaliyobeba asilimia 44 ya matukio ya moto na moshi. Aidha, malori yalihusika kupita kiasi yakilinganishwa na magari madogo. Sababu yake si siri. Lori lililosheheni mzigo likipanda mlima, injini huchemka. Likiteremka, dereva hukanyaga breki mpaka chuma kikawa chekundu. Moto basi hauji kwa bahati nasibu kama karata. Huja pale chuma kilipoteswa. Liweke neno hilo akilini, msomaji, maana tutalihitaji tukifika Garissa.

Dakika za mwanzo

Mioto hiyo michache huweza kuua vibaya. Tarehe 24 Machi, 1999, lori moja liliingia katika handaki la Mont Blanc, lenye urefu wa kilomita 11.6, linalounganisha Ufaransa na Italia. Halikubeba petroli wala baruti. Lilibeba unga na majarini, vitu ambavyo vimo jikoni mwa mama yeyote. Katikati ya handaki lilianza kutoa moshi, dereva akasimama, na kufumba na kufumbua lote likawa linawaka. Moto huo ulichukua zaidi ya siku mbili kuzimwa. Watu 39 walifariki.

Sasa sikiliza jambo ambalo limewafunza walimwengu. Dereva wa lori lile lililoanzisha moto alishuka, akakimbia kwa miguu, akaokoka. Wengi wa waliokufa walipatikana wakiwa bado ndani ya magari yao. Si kwamba ndimi za moto ziliwafikia kwanza. Moshi uliwatangulia. Ndani ya moshi wa moto mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlegeza mtu viungo kabla hajatambua kwamba yumo hatarini. Aliyengoja aone moto ndipo atoke hakupata tena nguvu za kutoka.

Miezi miwili baadaye, tarehe 29 Mei, 1999, watu 12 walikufa katika handaki la Tauern nchini Austria. Tarehe 24 Oktoba, 2001, malori mawili yaligongana na kuwaka katika handaki la Gotthard nchini Uswisi, watu 11 wakapoteza maisha. Hapo wakubwa wa Ulaya wakashtuka. Mwaka wa 2004 Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni za usalama wa mahandaki. Mont Blanc lilipofunguliwa upya mwaka wa 2002 lilikuwa na vyumba vya kujisitiri kila baada ya mita 300 hivi. Magari yaliamriwa yaachane kwa mita 150, na malori yakawa yanapimwa joto kabla hayajaruhusiwa kuingia.

Angalia walichofanya. Hawakudai kwamba magari hayatawaka tena, kwa maana gari ni chuma, na chuma huharibika. Walichofanya ni kumpa msafiri vitu viwili: mlango, na dakika chache za kuufikia.

Handaki lisilo na ukuta

Turudi kwetu. Garissa, Wajir na Mandera, kaunti tatu ambazo zamani zilikuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, zina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 125,000, ambalo ni karibu mara 180 ya Kaunti ya Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu huko watu wapatao milioni 2.5. Nchi ni tambarare kama sinia. Hakuna mlima wa kutobolewa na hakuna handaki la barabara. Mtu angedhani basi kwamba wasafiri wa huko hawana cha kujifunza kutoka Mont Blanc.

La hasha. Nilikuomba uweke akilini kwamba moto huja pale chuma kilipoteswa. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni takriban kilomita 370. Kutoka Garissa hadi Mandera ni safari nyingine, tena ndefu kuliko hiyo. Jua la Garissa hupanda hadi nyuzi 35 za joto na zaidi katika siku za kawaida, na lami yenyewe huwa na joto kuliko hewa. Sasa weka juu ya lami hiyo basi lililojaa abiria, paa limebeba magunia na magodoro, au lori la ng'ombe linalotoka soko la mifugo la Garissa, wachungaji wakiwa wameketi kwenye vyuma vya juu.

Gurudumu lisilo na upepo wa kutosha hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, na mpira hupata joto. Magurudumu ya nyuma ya lori huwa mawili mawili. Moja likipungua upepo, jenzake hubeba mzigo na dereva asihisi kitu, huku lile lililolegea likisuguana na mwenzake mpaka likaanza kutoa moshi. Katika njia ya vumbi moshi huo hudhaniwa kuwa vumbi. Breki iliyokwama hufanya vivyo hivyo. Halafu kuna nyaya za umeme. Basi lililotoka kiwandani na taa zake za kawaida huongezwa redio kubwa, runinga, taa za rangi na vifaa vya kuchajia simu, na fundi wa vichochoroni huunganisha waya juu ya waya. Waya mwembamba uliobebeshwa mzigo mkubwa hauna tofauti na punda aliyebebeshwa kupita kiasi. Siku moja utaanguka.

Isitoshe, kuna mizigo. Katika vituo vidogo vya kaskazini mashariki, petroli na mafuta ya taa huuzwa kwa mitungi na chupa kando ya barabara, na mitungi hiyo hufika huko kwa gari. Hapa naomba wanafunzi watege sikio. Kila mafuta yana kiwango chake cha joto ambacho yakikifikia huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto. Dizeli huhitaji nyuzi 50 na kitu. Petroli haihitaji joto lolote la kusemwa, kwani hutoa mvuke hata katika baridi ya barafu. Mafuta ya taa huanzia nyuzi 38 hivi. Pale Nairobi, katika chumba chenye baridi, mafuta ya taa ni mtulivu. Yapande juu ya paa la basi saa saba mchana karibu na Bangale, ndani ya mtungi uliopigwa na jua, yanafikia kiwango hicho bila kiberiti kusogezwa karibu. Kilichobaki ni cheche tu.

Ndiyo sababu nasema kwamba basi lililojaa kupindukia ni handaki linalotembea. Kuta zake ni mabati, nalo lina mlango mmoja mbele, wakati mwingine na wa pili nyuma.

Gunia kwenye njia

Mlango huo uko wapi basi? Hebu fikiria mama anayepanda basi Eastleigh jioni, na wanawe watatu. Mkubwa amepata kiti, wa kati ameketi na mwenzake, mdogo yuko pajani. Njia ya katikati ya viti imejazwa magunia ya nguo, katoni za biskuti, ndoo na mikoba. Mlango wa dharura umeandikwa kwa herufi nyekundu, lakini mbele yake pamesimamishwa gunia, na juu ya gunia ameketi kijana aliyelipa nusu nauli. Vioo vya madirisha ni vile visivyofunguka. Nyundo ya kuvunjia kioo iliibwa zamani, limebaki tundu la msumari.

Basi hilo likifika salama, kama yafikavyo mengi, hapana atakayekumbuka gunia. Likishika moto injini, abiria 50 watataka kupita juu ya magunia hayo katika giza na moshi, wakiwa wamebeba watoto. Mama yule atahitaji mikono mitatu.

Tuseme ukweli wote. Gunia lile lina mwenyewe. Huenda ni mwanamke mwenzake anayeuza nguo Garissa au Wajir, na ndani yake mna mtaji wake wote, labda na deni la chama juu yake. Ukimwambia aliache gunia kwenye moto unamwambia aache karo ya watoto. Ndiyo maana katika moto watu hurudi ndani. Si ujinga, ni hesabu ya umaskini. Kwa hivyo hesabu hiyo haifai kufanywa wakati moshi umeshaingia. Inafaa kufanywa stendi, kabla ya safari, kwa kulipakia gunia kwenye buti au juu, hata kama makanga atadai shilingi za ziada. Na atakayemwambia makanga hivyo asiitwe mjuaji. Aitwe jirani mwema.

Kuna jambo jingine la kaskazini mashariki ambalo wa Nairobi huenda asilielewe. Msafiri wa Mandera amefundishwa na mambo mazito kuogopa kusimama njiani na kuogopa kuteremka. Tarehe 22 Novemba, 2014, watu wenye silaha walilisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawateremsha abiria na kuwaua 28. Baada ya hayo, ukimwambia mtu atoke ndani ya gari porini usiku, moyo wake hukataa. Ameketi, ana mwanga, ana wenzake. Nje ni giza na vichaka. Lakini moto haujali hofu hiyo. Moshi ukiingia garini, giza la nje ni salama kuliko mwanga wa ndani, na watu wa familia moja wanafaa wawe wamekubaliana hivyo kabla hawajaondoka.

Njia hiyo hiyo imetufunza jambo jema pia. Tarehe 21 Desemba, 2015, basi jingine lilishambuliwa karibu na El Wak. Washambuliaji walitaka abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Waislamu walikataa. Iliripotiwa kwamba wanawake waliwapa wenzao hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwa waliokataa, alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki. Ninalileta kisa hiki kwa sababu moja. Katika njia ile, mtu wa kwanza kukuokoa si polisi wala daktari. Ni yule aliyeketi kando yako. Katika risasi ilikuwa hivyo, na katika moto huwa hivyo.

Msaada ulio mbali

Katika handaki la kisasa, msafiri ana chumba cha kujisitiri kila mita 300. Kati ya Mwingi na Garissa ni karibu kilomita 200, na katikati utakuta vituo kama vile Nguni, Ukasi na Bangale. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto. Hata gari la zimamoto likiondoka mjini Garissa mara tu simu inapolia, likikimbia kilomita 80 kwa saa bila kusimama, moto ulio umbali wa kilomita 80 utakuwa umewaka saa nzima kabla maji hayajafika. Basi haliwaki saa nzima. Katika dakika chache mambo yote huwa yameamuliwa. Tena ipo misimu ambayo gari hilo haliwezi kupita kabisa. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko yalikata barabara upande wa Madogo, mji ukawa hapa na njia ikawa kule.

Umbali huo ndio unaozaa janga jingine ambalo Wakenya tunalijua kwa majina ya mahali. Tarehe 31 Januari, 2009, lori la petroli lilianguka Sachangwan, karibu na Molo. Watu walikimbilia na ndoo na mitungi. Moto ukalipuka, zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 2 Julai, 2010, huko Sange, mashariki mwa Kongo, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka, likaua zaidi ya watu 230. Tarehe 10 Agosti, 2019, Morogoro nchini Tanzania ilizika zaidi ya 100 kwa namna ile ile. Julai 2021, Malanga katika Kaunti ya Siaya, watu 13. Huko Karai, Naivasha, usiku wa tarehe 10 Desemba, 2016, hapakuwa na wachota mafuta. Lori lililobeba kemikali inayowaka upesi liliyagonga magari mengine, na takriban watu 40 waliteketea wakiwa safarini.

Malori kama hayo hupita Garissa yakienda Dadaab, Wajir na Mandera. Likianguka moja leo, watoto wa manyata ya karibu watakuwa wa kwanza kulifikia, na mtungi mmoja wa petroli kwao ni chakula cha siku kadhaa. Tusiwahubirie tu. Tuwaeleze yanayotokea. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini, ukashuka mtaroni na kukaa humo. Anayechota mtaroni amesimama ndani ya moto ambao haujawashwa bado. Sigara ya mtu aliye mbali, pikipiki inayowashwa, au chuma kinachogongana na chuma hutosha. Mtoto akishaelewa kwamba hatari imo katika hewa asiyoiona, na wala si katika lile tangi peke yake, atakimbia mbali hata kama hakuna mtu mzima wa kumfukuza.

Ya kufanya

Nini basi kifanywe? Nitasema yale yaliyo ndani ya uwezo wako, kisha yale tunayopaswa kuwadai wengine.

Ukipanda gari, kabla hujafungua mkate wala simu, hesabu viti kutoka chako hadi mlangoni, na hadi mlango wa dharura. Hesabu kwa vidole, kwa kuwa gizani utavitumia vidole hivyo hivyo. Wafundishe watoto wafanye hivyo kama mchezo. Mkisafiri wengi, gawaneni: baba ana mtoto huyu, kaka mkubwa ana yule, na kila mmoja ajue wake. Usimwache mtoto mdogo aketi mbali nawe juu ya mizigo. Ukiona gunia mbele ya mlango wa dharura, omba kwa adabu liondolewe, na uwaombe wenzako waombe pamoja nawe. Mmoja hupuuzwa, kumi hawapuuzwi.

Sheria za trafiki zinataka gari la abiria liwe na kizimamoto na sanduku la huduma ya kwanza. Tazama kama kizimamoto kipo, na kama mshale wa kipimo chake uko kwenye rangi ya kijani. Ukisikia harufu ya mpira au plastiki inayoungua, au ukaona moshi unafuata gurudumu, paza sauti. Afadhali uchekwe na basi zima kuliko uliliwe na basi zima.

Gari likisimama na moshi ukatoka, teremka wewe na walio wako, bila mkoba. Jifunike pua kwa nguo, inama, kwa kuwa hewa safi hukaa chini na moshi hukaa juu. Mlango ukizibika, vunja kioo pembeni, wala si katikati, maana kioo hudhoofika zaidi kwenye pembe. Mkishatoka, nendeni upande upepo unakotoka, si chini ya mita 100, na muwahesabu watu wenu. Kisha piga simu 999 au 112. Pasipo na mtandao, mtumeni mtu na gari la kwanza litakalopita.

Dereva na utingo wanaweza kuuzima moto ukiwa mdogo, kama vile wa gurudumu au wa waya. Boneti isifunguliwe wazi kwa ghafla, kwa sababu hewa inayoingia huulisha moto. Kizimamoto kidogo hutoa unga kwa sekunde kumi hivi tu, kwa hiyo kielekezwe kwenye shina la moto, si kwenye ndimi. Maji yasimwagwe kwenye petroli inayowaka, huitawanya. Mchanga hufaa, na Garissa, Mungu ameijalia mchanga. Moto ukishakaribia tangi au mitungi, waacheni wote wakimbie.

Mtu aliyeshika moto alale chini na kugaagaa, au afunikwe kwa blanketi nzito. Aliyeungua amwagiwe maji safi kwa dakika 20, polepole, kwa hivyo maji ya kunywa mliyobeba yasimalizwe ovyo. Nguo za nailoni zilizoyeyuka na kushika ngozi zisivutwe. Asipakwe samli, dawa ya meno wala yai. Funika jeraha kwa kitambaa safi, kisha hospitali.

Wenye mabasi nao tuwadai yale ambayo hawana haki ya kutunyima: njia ya katikati iliyo wazi, mlango wa dharura unaofunguka, nyundo mahali pake, na kusimama baada ya saa chache ili utingo aguse magurudumu kwa mkono kujua lipi limepata joto kuliko mengine. Ukaguzi huo huchukua muda wa kunywa kikombe cha chai ya maziwa pale Mwingi au Ukasi. Na serikali za kaunti tuziombe zisiliweke gari la zimamoto makao makuu peke yake. Pipa la mchanga, vizimamoto na vijana wawili waliofunzwa katika kila kituo cha barabara vingefika haraka kuliko gari jekundu lililo umbali wa kilomita 100. Wanafunzi wa shule zilizo kando ya njia wangeweza kufunzwa huduma ya kwanza, kwani mara nyingi wao ndio majirani wa ajali.

Barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera, yenye takriban kilomita 740, imo katika mpango mkubwa wa kuwekwa lami kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka wa 2020. Ni habari njema. Lakini lami huleta mwendo wa kasi na mizigo mizito, na malori ya mafuta yataongezeka. Tukumbuke basi neno la wale watafiti wa Norway: moto una mahali pake unapopenda, na mahali hapo pajulikana mapema.

Sikusema haya ili ukatize safari yako ya sikukuu. Mabasi mengi huondoka na hufika, na moto garini ni jambo la nadra kwetu kama ulivyo nadra katika mahandaki ya Ulaya. Lakini kuhesabu viti hadi mlangoni huchukua dakika moja, na ukisafiri maisha yako yote bila kuihitaji hesabu hiyo, hutakuwa umepoteza kitu.

Hadi Jumapili ijayo, safiri salama, na mzigo wa jirani ukikuzibia mlango, mwambie kabla gari halijang'oa nanga.